Naomba ushauri: jirani kapandisha kiwanja, maji yote ya mvua yanaingia kwetu (Sinza)

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nimezaliwa Sinza hapa Dar, nyumba ya mzee tangu enzi za viwanja vya mradi miaka ya 70, ila sasa hivi mtaani kwetu nyumba za chini tumebaki tatu, zingine zote lodge, baa na apatimenti.

Sasa jirani wa nyuma kauza, aliyenunua kamwaga kifusi mpaka usawa wa dirisha letu la jikoni, mvua ikinyesha maji yote yanashuka kwetu, juzi bi mkubwa kaamka saa tisa usiku anakuta ndala zinaelea sebuleni. Nimeenda kuongea na fundi, eti bosi kasafiri. Mwenyekiti wa mtaa kaja, kaangalia, kapiga picha, kimya mpaka leo. Nasikia baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu halitoi hukumu, so sijui nianzie hapo au nipande moja kwa moja manispaa kwa injinia?

Halafu kuna dalali kila jumapili anakuja na soda ya mama (mjanja sana huyu), anataka tuuze tukajenge Madale, kule pembezoni mwa jiji. Wadogo zangu wameshakubali, bi mkubwa hataki hata kusikia, anauliza huko Madale vitumbua vyake atamuuzia nani.

Waliopitia hili mlifanyaje? Na mwenye kujua gharama ya mtaro wa zege kama mita 15 anitajie, masika hayo yanakuja.