Nyangumi na pomboo: Kizimkazi, Mafia au Mnemba?

Mzee wa Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Nimemuahidi mama watoto safari ya kisiwani, na tangu aone klipu ya nyangumi akiruka nje ya maji hasikii la mtu. Yeye anataka nyangumi, mimi hata pomboo wananitosha. Nimetajiwa sehemu tatu: Kizimkazi kule kusini ya Unguja, Mafia, na kile kisiwa kidogo cha Mnemba kaskazini mashariki ya Unguja. Tunaanzia hapa Dar. Mliokwenda, wapi panalipa? Nataka nilipie wiki hii, maana ahadi imeshakuwa deni.

Kapeto Mbagala
Panalipa lini? Mko wangapi? Mnajua kuogelea? Mfuko ukoje? Umekuja kama mtu anayeuliza suruali bei gani bila kusema kiuno.

Binti Makunduchi
Kizimkazi, wala usijiulize. Kwetu ni kule kusini kwa hiyo najua ninachosema. Pomboo ni wenyeji wa Ghuba ya Menai, ndiyo hiyo bahari ya Kizimkazi, wapo mwaka mzima, si wapita njia. Nyangumi ndio wageni: wale wenye nundu wanapanda kutoka kwenye barafu ya kusini, wanaanza kuonekana Julai mpaka kwenye Oktoba, wanakuja kuzalia kwenye maji ya moto. Kuna asubuhi tulikuwa tumekaa ufukweni tunasubiri boti za samaki, tukaona mvuke unapanda kwa mbali kama umefunua chungu cha ubwabwa. Mara wa pili, mdogo, pembeni yake. Mama na mtoto. Hatukulipa hata shilingi.

Fundi Kigamboni
Hata huku Kigamboni wavuvi wanakutana nao miezi hiyo. Tatizo mtu wa Dar haamini kitu mpaka apande boti ya kwenda Unguja.

Mama Naa
Kabla hujampeleka mtu Kizimkazi nisome mimi kwanza. Mwaka juzi tulikwenda, mimi, mdogo wangu na mwanangu wa darasa la sita. Tulipata dalali pale Darajani, elfu hamsini kila kichwa, akaapa boti itakuwa yetu peke yetu. Tunafika ufukweni saa tatu na nusu, boti yetu peke yetu ina watu saba ndani. Maboya ya kuvaa yalikuwa manne, moja limefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hatukwenda mbali, nikaona boti zimerundikana mahali pamoja. Nilizihesabu, kumi na nne. Katikati pomboo wanne au watano, migongo ya kijivu, mmoja pezi lake limetoka kipande kama sikio la mbuzi aliyetiwa alama. Wakiibuka tu, injini zote zinanguruma kwa mpigo, harufu ya petroli mpaka kooni. Nahodha anapiga kelele: "Ruka! Ruka sasa!" Mdogo wangu akaruka, mwanangu akaruka, mimi nikabaki na pochi zao. Kuweka uso majini, pomboo wameshaondoka, kilichobaki ni mapovu na miguu ya Wataliano. Panda. Fukuza tena. Ruka! Mara nne hivyo. Ya tano mwanangu akanisogelea akaniambia polepole, "Mama, wanatukimbia."

Nikamwomba nahodha turudi. Akasema muda bado, wengine wamelipia. Njiani injini ikazima, tukavutwa kwa kamba na boti nyingine, na mwenye boti naye akataka hela kwetu sisi abiria! Siku ile nililia kidogo nyuma ya miwani ya jua, na sikumwambia mtu mpaka leo.

Kapeto Mbagala
Miguu ya Wataliano nimecheka mpaka konda kanigeukia.

Binti Makunduchi
Pole dada, lakini aliyekuponza ni dalali wa mjini, si Kizimkazi. Saa tatu na nusu tayari mabasi ya wageni kutoka Nungwi na Paje yameshashusha. Lala kijijini, ingia majini alfajiri, zungumza na nahodha mwenyewe kabla ya kulipa: akiwaona azime injini, asikate njia yao, na asiyetaka kuruka asirushwe. Wapo wanaokubali. Na jamani tukumbuke tulikotoka, zamani pomboo alikuwa anavuliwa kule awe chambo cha papa. Miaka ya tisini ndipo watu walipoona mgeni analipa kumtazama akiwa hai.

Daktari wa Samaki
Mama Naa hajazidisha chumvi. Asubuhi ndiyo saa yao ya kupumzika baada ya kuwinda. Pomboo halali kama sisi, upande mmoja wa ubongo unalala na mwingine uko macho ili aibuke kuvuta hewa. Ukimfukuza na boti kumi na nne unamnyima usingizi. Watafiti wamewafuatilia hao wa Kizimkazi miaka mingi, na waliona wazi kwamba boti zikiwepo wanapumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Kwa hiyo hata alfajiri, swali ni boti ziko ngapi.

Binti Makunduchi
Sasa watu wa kule wale nini, mkuu? Utafiti?

Daktari wa Samaki
Sijasema wasile. Nimesema boti tatu badala ya kumi na nne.

Chizi wa Mafia
Nyie endeleeni kugombania usingizi wa pomboo. Mtu mwenye akili anakwenda Mafia. Pale mbele ya Kilindoni kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anapita juu juu mdomo wazi anakula uduvi na dagaa. Wa Mafia wengi ni madume machanga na bado unakuta mmoja ana urefu wa Coaster! Mgongo una madoa meupe kama kanga, namaanisha ndege si nguo. Hakimbii, hang'ati, anakwenda mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Unaelea ubavuni kwake, humgusi, humzibi njia, basi. Na usidanganywe ulale Utende kwenye hoteli za dola, kule ni ndani ya hifadhi na kuna tozo ya kila siku. Papa yuko upande wa Kilindoni, gesti zipo.

Kapeto Mbagala
Huyo si ndiye nyangumi papa? Si nyangumi huyo huyo?

Daktari wa Samaki
Hapana. Papa potwe ni samaki, anapumua kwa matamvua. Nyangumi ana mapafu na ananyonyesha. Ukitaka kuwatofautisha haraka angalia mkia: wa nyangumi umelala, wa papa umesimama.

Ustadh Mbezi
Na aliyemmeza Nabii Yunus alikuwa yupi?

Daktari wa Samaki
Ustadh, hapo umenipeleka maji marefu.

Chizi wa Mafia
Potwe. Mdomo ule anaingia mtu na begi lake.

Daktari wa Samaki
Mdomo ndiyo, koo hapana. Anachuja vitu vidogo.

Ustadh Mbezi
Qur'ani imesema hut, samaki mkubwa. Biblia nayo imesema samaki mkubwa. Hizi habari za koo mmezileta nyie.

Mpemba Original
Mnazungumza wanyama tu, upepo mmeuacha wapi? Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, huko kusini ya Unguja bahari inachafuka. Nyangumi wapo, ila utawaangalia huku unatapika. Nikipewa kuchagua nitakwenda mwisho wa Septemba au Oktoba, kusi linakufa na maji yanatulia. Ukija kaskazi, kuanzia kama Desemba, mambo yanageuka: Mnemba iko wazi kwa upepo, Kizimkazi na Kilindoni zimejificha. Pomboo wa Mnemba ni wale wembamba wanaozunguka hewani kama pia, wazuri kweli, lakini kwa upepo mbaya usiniite. Mzee wa Tabata, safari mwezi gani? Umeulizwa tangu jana.

Mama Naa
Mwenye uzi kakimbia.

Mzee wa Tabata
Nipo wakuu, nilikuwa na msiba wa jirani. Asanteni sana, nimesoma yote. Safari ni Desemba, tarehe 20 kuendelea, shule zikifungwa. Tuko wanne: mimi, mke, mtoto wa miaka saba na mama mkwe. Kuogelea anajua mtoto tu, kajifunzia Mbudya.

Kapeto Mbagala
DESEMBA?

Binti Makunduchi
Mkuu! Desemba nyangumi wako njiani kurudi kwenye barafu yao, wengine wameshafika. Utamwonyesha shemeji nini?

Kapeto Mbagala
Na mama mkwe! Utavaa kaptura mbele ya mama mkwe? Utampa mkono apande boti huku umelowa?

Mzee wa Tabata
Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mama ni mtu wa Kondoa, bahari kaiona mara moja tu pale Kivukoni, akasema ina kelele. Mke ndiye kamwalika, mimi nimeletewa taarifa.

Chizi wa Mafia
Basi kwisha. Desemba ni msimu wa potwe, wanakuwepo Oktoba mpaka Machi. Asiyejua kuogelea anavaa boya na kubaki ndani ya boti, potwe anapita hapo hapo chini anaonekana vizuri. Mama mkwe atamwona bila kulowa hata ushungi.

Binti Makunduchi
Anataka nyangumi, nyie mnampa papa. Kizimkazi pomboo watakuwepo na bahari imetulia. Mama mkwe mpelekeni msikiti wa Dimbani, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Akae pale na mjukuu, nyie muingie majini na kaptura zenu.

Mama Naa
Boti moja. Alfajiri. Hela mkononi mwa nahodha, si mwa dalali. Nimemaliza.

Mpemba Original
Au ahirisheni mpaka Septemba ijayo, huyo mtoto ombeni ruhusa shule.

Mzee wa Tabata
Nikitamka neno kuahirisha nalala sebuleni. Nimemwambia mke habari za papa mrefu kama Coaster, kanyamaza, halafu kauliza kama anaruka. Nikasema haruki. Kanyamaza tena. Mama mkwe yeye kauliza kama analiwa.

Chizi wa Mafia
Mwambie haliwi, anatazamwa.

Mzee wa Tabata
Ndege ya watu wanne siiwezi. Hicho kivuko cha Nyamisati kwenda Kilindoni kinaondoka saa ngapi?

Chizi wa Mafia
Inategemea maji, mkuu. Mfungieni mama tangawizi ya kutafuna.