Neno "run" linanichanganya, nisaidieni matumizi yake ya kila siku

DadaMapokezi:
Habari zenu wakuu, mimi nafanya kazi mapokezi kwenye lodge moja huku Karatu, wageni wengi wanalala hapa kabla ya kwenda Ngorongoro. Kiingereza cha shule ninacho ila hili neno run tulifundishwa ni kukimbia basi, wenzetu wanalitumia kwa kila kitu. Juzi mmama kapiga simu toka chumbani anasema "the toilet keeps running", mwingine yuko kwenye gari "we're running late", jioni baa naulizwa "have you run out of tonic?". Anayejua anipe maana na sentensi za kuongea, za kwenye kamusi sitaki.

Mwl wa Lugha:
Pole na kazi dada. Hilo neno ni zito kwa kila mtu, kamusi kubwa ya Oxford imelihesabia maana 645 likiwa kitenzi peke yake, hakuna anayezikariri zote. Ninachowaambiaga wanafunzi wangu, toa kukimbia kichwani weka kwenda na kuendesha, hapo nyingi zitakaa zenyewe. "The generator is running", jenereta linafanya kazi. "The bus runs every day", basi lipo kila siku. "She runs a hotel in Moshi", anaendesha hoteli. Na huyo mmama wa choo anamaanisha maji hayakati, yanapita tu toka kwenye tenki kwenda kwenye sinki la choo, mara nyingi ni boya limegoma au ile raba ya chini haizibi vizuri, ita fundi bomba na mgeni mjibu "I'm sorry, I'll send someone to fix it".

Sasa run out ndo ishike kuliko zote, coz sisi tumezoea kusema "the milk is finished", mgeni atakuelewa ila mwenyewe angesema "we've run out of milk". Angalia mpangilio wake, ukianza na mtu aliyeishiwa unaweka of, ukianza na kitu chenyewe of inatoka, "the milk has run out". Kikiwa bado kidogo kiishe sema "we're running low on milk". Hata vocha, "I've run out of airtime". Running late ni pale mtu hajafika na ameshajua atachelewa, "the driver is running ten minutes late", nzuri sana kwa kazi yako.

Chuga255:
Naongezea hapo kwa mwalimu, ni run, ran, run. Watu kibao wanasema "we have ran out", hapana, ikishakuwepo have au has inarudi kuwa run.

NesiMama:
Mdogo wangu ipo moja lazima uijue, mgeni akikwambia "I've got the runs" anaharisha, wengi wanaona aibu kulitaja jambo lenyewe. Usimwache hivyo hivyo, mpe maji safi ya chupa na umtafutie ORS (ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), na akisema "I'm running a temperature" ujue ana homa, huyo apelekwe akapimwe mapema. "Runny nose" ni mafua tu.

Mkenya_Damu:
Sasa dada, niko Nairobi huku. Chunga run into, "I ran into my old teacher in town" ni mmepatana tu bila kupanga, lakini "he ran into a tree" hiyo ni ajali. Run over ni kumgonga mtu na gari. Na kugombea kwenye uchaguzi, Mmarekani anasema "run for president", Mwingereza mara nyingi anasema "stand".

DadaMapokezi:
Asanteni sana jamani Mungu awabariki, nimeandika zote kwenye daftari. Moja ya mwisho, leo kuna wazee wameomba punguzo la usiku wa tatu, wakaniambia "can you run it by your manager?"

Mwl wa Lugha:
Wanataka umshirikishe meneja kwanza, usikie anasemaje. Wajibu "let me run it by my manager and get back to you". Halafu kweli muulize, jibu wapelekee hata kama ni hapana, maana ukishasema hivyo wanakaa wanasubiri.