Aliye ndani ya eda anataka kuandika: aanzeje?

BintMkomani aliuliza:
Assalamu alaykum. Naulizia kwa niaba ya mtu aliye kwenye eda hapa Lamu, mwezi wa pili sasa. Kuzungumza na watu hataki, ila kalamu na kitabu havimshindi. Wengine wasema kuandika kunapoza uchungu, wengine wasema kunauchokoza. Aandike kiasi gani, wakati gani, kwa lugha gani? Daftari aliweke wapi kwenye nyumba yenye watu kumi na watoto wasioacha kitu? Na vitabu achague vipi? "Soma Qur'ani na usubiri" msinijibu, hilo analifanya tayari.

Mwalimu wa Langoni:
Waalaykum salaam, dada. Wote wamekwambia kweli: kwanza kunachokoza, halafu kunapoza. Njia iliyochunguzwa sana ni ya James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyoichapisha na Sandra Beall mwaka 1986: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, basi. Si kila siku mpaka eda iishe. Baada ya kikao moyo huwa mzito kwa muda, kwa hiyo asiandike karibu na kulala. Baada ya Alasiri pazuri, kuna shughuli za jioni za kumshika.

Kabla ya yote ajipime: aweza kuikumbuka siku ya msiba bila kuishiwa pumzi? Kama bado, siku hizo 4 zingoje. Na akiwa katikati ya ukurasa akaona azama, aache au ageukie jambo jepesi. Hakuna anayesahihisha.

Aweke saa. Asifute, asitazame tahajia. Maneno yakimwishia arudie mstari wa mwisho mpaka jipya lije. Lugha iwe ile aliyobembelezewa nayo utotoni: kama ni Kiamu, aandike "mato", si "macho". Kiswahili cha shuleni humfanya mtu ajibu mtihani.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki. Siku ya 1 ataandika: "Ameondoka. Nyumba kimya. Ameondoka." Hapo hapana neno. Ikifika siku ya 4 bado ni hayo hayo, basi anazunguka kisima, hachoti maji. Ajilazimishe kuandika sentensi mbili zenye "kwa sababu" na moja inayoanza "sasa naona". Kwa mfano: "Kimya cha asubuhi chaniuma kuliko cha usiku, kwa sababu asubuhi ndiye aliyekuwa akipika chai." Katika machunguzi ya baadaye ya Pennebaker, walionufaika zaidi ni wale ambao maneno ya sababu na ya kuelewa yaliongezeka siku hadi siku.

Mshairi wa Pate:
Naongeza la kwetu. Mtunzi wa Al-Inkishafi, utenzi wetu wa kale, alisimama mbele ya magofu ya Pate akazungumza na moyo wake mwenyewe kama mtu wa pili. Hilo ni funzo tosha: anayeshindwa kuandika "mimi" aandike "ewe moyo", atapata nafasi ya kupumua kati yake na jambo lenyewe.

Akitaka utendi, mizani 8, mishororo 4, vina vitatu vya kwanza sawa:

Moyo wangu nakwambia
lilofungwa fungulia
usiku ukiingia
usilale na uchungu

Kuhesabu mizani kunamtuliza mtu, maana hawezi kuhesabu na kulia kwa kasi moja. Ila kina ni mwizi. Ukitafuta neno la kuishia "-ia" waweza kuandika usilolihisi. Aandike nathari kwanza, ubeti baadaye.

Bi Zidaka:
Daftari la kurasa 96 latosha, tena liwe na sura ya daftari la hesabu za duka. La maua na kufuli ndilo linalofunguliwa kwanza. Alifunge kwenye nailoni, hewa ya chumvi hulainisha karatasi na wino wa maji hutambaa. Peni ya kawaida ni salama zaidi. Simu sipendekezi: mara ujumbe umeingia, mara mtoto aomba mchezo. Karatasi asizotaka zionekane azichome kwenye seredani. Akizichana akazitupa uchochoroni, watoto wataziunga.

Upande wa kusoma: kwa sasa asichukue kisa cha mjane. Achukue huzuni ya jirani: mtu aliyehama kwao, au rafiki aliyepotea. Kurasa tano au sita kwa mara moja, penseli mkononi. Pale koo linapokaza aweke nukta tu, aendelee. Akimaliza arudie nukta, anakili mstari mmoja, na chini yake aandike "umenishika kwa sababu". Vitabu vya nasaha viwe vya mwisho, vina haraka ya kumponya. Maktaba imo ndani ya Ngome, atume mtu amchukulie.

Akikosa usingizi wiki nzima, akiacha kula, au akianza kuandika kwamba hataki kuishi, daftari liwekwe chini, apelekwe hospitali ya kaunti. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo.

BintMkomani:
Ahsanteni sana. Limebaki moja, nalo ni zito. Ana hasira na marehemu, na aona ni dhambi kuiandika.

Mwalimu wa Langoni:
Hasira isiyoandikwa haimheshimu marehemu, hukaa tu ikawaangukia watoto. Amwandikie marehemu mwenyewe barua, kwa "wewe": "Umeniacha na deni la mashua wala hukuniambia." Kikao kimoja, asimwonyeshe mtu, kisha aichome.

Lakini kabla ya kuichoma asome mara moja, na kila deni lenye jina na kiasi alinakili kwenye karatasi nyingine, awape wanaosimamia mirathi. Madeni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Hiyo asiichome.