Nimelipa mpaka ushuru, nafungua boksi la mchezo wa vita, kitabu cha sheria hakimo!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nimejinyima miezi mitatu nikaagiza kutoka nje mchezo wa vita wa mezani, ule wa Wajerumani na Warusi, ramani mbili kubwa na kete zaidi ya 1,000. Mzigo umefika, nimelipa ushuru, nikafungua boksi mbele ya wenzangu wawili. Ramani zimo, kete zimo, dadu zimo. Kitabu cha sheria hakuna! Kuna kikaratasi chenye alama ya QR: skani, pakua PDF. Kurasa 64.

Siku ya kucheza ilipofika, kila mtu akawa anasoma sheria kwenye simu yake. Sasa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hizi aelewe: sheria zake husomi mara moja ukamaliza. Unataka kupiga mizinga msituni, unaanzia kifungu cha 8.4, kinakupeleka kwenye jedwali la ardhi, jedwali linakurudisha 5.2 kuhusu nani anamwona nani, na huko unakuta "isipokuwa" tatu. Kwenye karatasi unabana kidole huku, unafungua kule, na mwenzako anachungulia kutoka upande wa pili wa meza. Kwenye simu unapandisha na kushusha mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini, mara kioo kimezima, mara mtu anapiga.

Kilichoniuma hasa ni zamu ya tano. Jamaa akazuia mizinga yangu isifyatue, eti imetoka kusogea. Nikamwonyesha kifungu kinachoniruhusu. Naye akanionyesha kifungu hichohicho, namba ileile, kinakataza! Kumbe alipakua wiki mbili baada yangu, na wachapishaji walikuwa wamebadilisha faili kimyakimya, hawakuandika popote wamegusa nini. Tumekaa pale kwa muda wa saa saba, hatujui hata zamu ipi ilikuwa halali.

Na msiniambie karatasi haisahihishiki. Advanced Squad Leader, nao mchezo wa vita wa mezani, imetoka 1985, sheria zake zimefungwa kwenye faili la pete. Kifungu kikibadilika unapata ukurasa mpya, unachomoa wa zamani, unapachika. Ule uliouchomoa unao mkononi, unaulinganisha na mpya kwa macho yako.

PDF siichukii. Kutafuta neno moja inakimbia kuliko kidole, na ni vizuri mtu asome sheria kabla hajatoa hela. GMT Games, wachapishaji wengine wa michezo hii, wanaziweka bure mtandaoni miaka mingi sasa, na kitabu bado unakikuta ndani ya boksi. Hawa wangu wameniuzia nusu ya mchezo kwa bei ya mchezo mzima. Nimewaandikia mara mbili, kimya.

Steshenari ya mtaani wanataka 500 kwa kila ukurasa wa rangi, yaani 32,000 juu ya nilizokwishatoa. Nikajaribu nyeusi na nyeupe: msitu na kinamasi kwenye jedwali vyote kijivu, huwezi kuvitofautisha.

Jumamosi tunaanza upya zamu ya kwanza. Anayejua pa kuchapa rangi kwa bei nafuu Kariakoo, na kufunga kwa springi, anielekeze kabla ya Ijumaa.