Naelewa hesabu darasani, kwenye mtihani natoka na 40 na kitu. Naombeni ushauri

Mtahiniwa: Wakuu, heshima kwenu. Zimebaki wiki 8 nifanye mtihani wa mwisho wa sekondari na hesabu inaninyima usingizi. Kusoma nasoma. Mwalimu akifundisha naelewa, nikirudia daftari naona kila kitu kiko wazi. Ukija mtihani wa majaribio, saa mbili na nusu, alama 100, nimepata 43. Niliganda kwenye swali moja la trigonometria mpaka msimamizi akatangaza zimebaki dakika 20. Maswali 5 sikuyagusa kabisa. Nianzie wapi?

Pembetatu: Pole sana. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, fanya hata 30. Maswali hujirudia.

Kalamu Nyekundu: Mdogo wangu, nimesahihisha hesabu miaka mingi. Kutazama swali lililokwisha kufanywa ukaona linaeleweka bado siyo kuliweza. Funika majibu, chukua karatasi tupu, fanya mwenyewe mpaka mwisho. Mitihani 30 ya harakaharaka sikushauri. Bora 8, moja kila wiki, kwa saa ukutani, halafu siku mbili za kuichambua.

Muda nao una hesabu yake. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 4 lina dakika 6. Zikiisha na umekwama, weka nyota pembeni, acha nafasi, songa mbele. Na njia uionyeshe. Jibu likikosewa, hatua zilizo sahihi huwa na alama zake. Ukiandika jibu tupu na siyo lenyewe, msahihishaji hana pa kukusaidia hata akikuonea huruma.

Sasa chukua karatasi hiyo ya 43 uniambie zile 57 zimekwenda wapi.

Mtahiniwa: Shikamoo mwalimu. Nimekaa nayo usiku kucha. Alama 20 ni maswali niliyoyaacha. 14 sikujua kabisa, nyingi ni vekta. 23 nilikuwa najua nikaharibu mwenyewe! Mfano huu umeniuma:

3 − 2(x − 4) = 5

Nikaandika 3 − 2x − 8 = 5, nikapata x = −5.

Kalamu Nyekundu: Marahaba. Hasi mbili mbele ya mabano inazidisha na ile hasi ya ndani, inakuwa +8. Basi 11 − 2x = 5, x = 3. Ungerudisha −5 yako kwenye swali ungepata 21 badala ya 5, ukashtuka palepale. Anza na hizo 23, ndizo za karibu. Vekta zifuate.

Mama Wawili: Mwanangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Tulimnunulia daftari dogo la makosa tu: swali, alipoteleza, na njia sahihi. Kila Jumamosi anayafanya upya bila kuchungulia.

Mtahiniwa: Ahsanteni mno. Mwalimu, nitapata muda wa kurudisha kila jibu?

Kalamu Nyekundu: Siyo kila jibu. Milinganyo rudisha, haifiki nusu dakika. Asilimia pia: ukiambiwa bei baada ya punguzo la asilimia 20 ni 60,000, ukapata bei ya awali 72,000, toa asilimia 20 uone. Inabaki 57,600, kwa hiyo siyo. Ni 75,000. Jumapili fanya karatasi ya kwanza, urudi hapa na mgawanyo wa alama kama ulivyofanya leo.

Mtahiniwa: Nitarudi Jumapili jioni, mwalimu.