Niger: hela za utapiamlo ziende kwenye pakiti za karanga au kwenye gunia la uwele?

Wakuu habari zenu. Naleta hili maana kuna jamaa kazini kanibishia wiki nzima, yeye anasema Niger ikishalima ya kutosha utapiamlo utaisha wenyewe, hizo pakiti za karanga, yaani chakula cha tiba cha watoto wenye utapiamlo mkali, ni za kuwazoesha watu kuomba tu. Mimi nakataa.

Tuanze na Maradi. Mkoa wa kusini, unapakana na Nigeria, ndo ghala la nchi, uwele unatoka huko (uwele, sio mtama, watu wa Dodoma mtanielewa). Sasa 2005 watoto walipojaa kwenye mahema ya Madaktari Wasio na Mipaka, kitovu kilikuwa Maradi hiyohiyo wala sio kule jangwani Agadez, na mwaka ule wale madaktari walitibu watoto zaidi ya 60,000 wenye utapiamlo mkali nchini. Rais wa wakati huo, Mamadou Tandja, akawaambia BBC watu wake wanaonekana wameshiba. Kwa aliyepita sokoni labda alionekana mkweli, magunia yalikuwepo, ila yalikuwa na bei!

Mkulima wa kule ana madeni, akivuna Oktoba anauza fasta kwa bei ya kutupa, ikifika Juni ghala tupu anaenda kununua uwele uleule bei imeshapaa. Na kidogo kinachobaki nyumbani nani anakula? Mtoto wa mwaka na nusu kaachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine, anapewa uji wa uwele mtupu, maziwa kwa nadra, yai ndo usiseme, tumbo linajaa na mkono unazidi kukonda. Wahausa wana neno lake kabisa, tamowa. Kwa hiyo ongeza tani unavyotaka, kama kibakuli cha yule mtoto hakijabadilika hujafanya kitu. Na tusiwacheke, sisi wenyewe Iringa, Njombe na Rukwa mahindi hadi yanaoza na utafiti wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wamedumaa, Iringa ndo wakapita nusu kabisa.

Sasa 2011 akaingia rais mwingine, Issoufou, na mpango wake wa 3N, yaani watu wa Niger wawalishe watu wa Niger. Jina tamu, na lishe imo ndani nakubali, ila kwa maoni yangu akili yote ilikuwa shambani.

Pakiti je? Gramu 92, kalori 500, ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Mama anakata kona, mtoto ananyonya, haichanganywi na maji na hapo ndo utamu wake, zamani maziwa ya tiba yalitaka maji safi na kulazwa wiki kadhaa huku ndugu zake wameachwa nyumbani. Na Niamey, mji mkuu wao, kuna kiwanda kinaitengeneza, sasa uombaomba uko wapi?

---

Mleta mada umeongea lakini umeruka kitu. Pakiti inatibu, haizuii. Mtoto anapona anarudi kwenye uji uleule, mwakani utamkuta tena kwenye foleni. Halafu 2008 serikali iliwasimamisha wale madaktari tawi la Ufaransa hapohapo Maradi, ikisema wanazidisha namba za watoto wagonjwa. Nchi nayo ina heshima yake bana.

---

Mkuu, la kurudi kwenye foleni nimekubali, limenishika. La heshima hapana, ukimfukuza anayehesabu wagonjwa hujapunguza hata mmoja. Ila kuna kitu cha katikati wengi hawakijui. Zinder, mkoa jirani na Maradi, walijaribu kuwafundisha akina mama wenyewe kupima mzunguko wa mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, chini ya milimita 115 ni nyekundu unakimbilia kliniki, na watoto wakawa wanaonekana mapema kabla ya kufika hali ya kulazwa. Utepe tu huo, bei ya pipi. Hukohuko Zinder kuna shule za waume, wanaume wanakaa kikao kuongea habari za kliniki na uzazi, maana ruhusa na nauli viko kwao.

---

Shule za waume? Zije na huku Kahama haraka 😂

---

Jamani mimi kama mama nauliza, mnaongea kubadilisha kibakuli cha mtoto, huyo mwanamke hela ya yai anaitoa wapi? Uwele wa ghala ni wa nani, si wa baba?

---

Dada umegonga palepale. Ghala la familia funguo ni za mzee. Kwa desturi ya Wahausa wa huko mwanamke alikuwa anapewa kashamba kake, wanaita gamana, anachovuna ni chake, anauza ananunulia watoto anachotaka bila kuomba. Ila watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa yakawa vipande vipande, na cha kwanza kumezwa ni hako kashamba. Mpango ukileta mbegu na mbolea kwa mwenye shamba, mama ambaye hana tena gamana anapata nini?

Nimemuuliza jamaa yangu wa kazini swali hilohilo leo mchana. Kanywa chai yake hadi ikaisha, kasema atanijibu Jumatatu.