Porsche 911 iliyotumika: breki za keramiki au za chuma kwa barabara za Dar?

Mkazi wa Mbezi Beach:
Habari zenu wakuu. Ninakaribia kuagiza Porsche 911 Carrera S, toleo la 992, kutoka Uingereza, na nimebakiwa na magari mawili yanayolingana karibu kwa kila kitu isipokuwa breki. La kwanza lina diski za chuma na kalipa (vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski) nyekundu, la pili lina diski za keramiki ya kaboni na kalipa za njano, na bei yake iko juu kwa sababu hiyo. Siku za kazi litakuwa likienda Posta na kurudi, na mara chache litanipeleka Iringa kwa wazazi. Sina mpango wa kuliingiza kwenye mashindano. Naambiwa kwamba keramiki hudumu muda wote wa uhai wa gari na kwamba husimamisha gari kwa umbali mfupi zaidi. Je, ni kweli?

Fundi wa Ilala:
Ndugu, nianze na umbali wa kusimama, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapouziwa maneno. Kinachosimamisha gari mwishowe ni mshiko wa tairi kwenye lami. Breki za chuma za gari hilo zina nguvu ya kutosha kufikisha tairi zote kwenye ukomo wa mshiko huo mpaka ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, ianze kufanya kazi, na ukishafika hapo keramiki haina cha kuongeza. Tofauti huonekana breki zinapokamatwa kwa nguvu tena na tena kutoka mwendo mkubwa, bila nafasi ya kupoa; ndiyo maana Porsche ilianza kuzitumia mwaka 2001 kwenye 911 GT2. Foleni ya Mwenge haina joto la namna hiyo.

Faida ya kweli utakayoihisi kila siku ni wepesi. Diski ya keramiki ina takriban nusu ya uzito wa diski ya chuma ya ukubwa huo, na kwa kuwa uzito huo uko chini ya springi, gurudumu hufuata mabonde ya barabara kwa urahisi zaidi na usukani hujibu upesi.

Kuhusu uhai, katika matumizi ya kawaida ya barabarani diski hizo hudumu sana, ila hesabu hiyo inachukulia kwamba hakuna atakayezigonga. Hapo ndipo penye hofu yangu. Gurudumu la gari hili limefungwa kwa bolti, halining'inii kwenye stadi (vijiti vya nati vilivyosimama kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu), kwa hiyo bolti ya mwisho ikitoka gurudumu hushuka papo hapo, na ukingo wa ndani wa rimu hupiga ukingo wa diski. Chuma kitabaki na mkwaruzo tu. Keramiki inaweza kumeguka. Njia sahihi ni kufunga kwanza pini ndefu za kuongozea kwenye habu, kisha kulivuta gurudumu taratibu likiwa juu ya pini hizo. Fikiria umepata pancha saa mbili usiku, na kijana wa kuziba pancha kando ya barabara hajawahi kuziona pini hizo.

Mkazi wa Masaki:
Nakubaliana na fundi kuhusu pini, lakini tusisahau chumvi. Sisi tunaoegesha gari karibu na bahari tunajua diski za chuma zinavyoamka na kutu asubuhi. Kutu ya usiku mmoja huondoka kwa kukanyaga breki mara chache; gari likikaa wiki kadhaa, kutu huchimba uso wa diski na pedi huacha alama, kisha usukani hutetemeka unapofunga breki. Uso wa keramiki haushiki kutu, na rimu hazijai lile vumbi jeusi. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara na kuliacha gari nyumbani, hilo si jambo dogo.

Mkazi wa Mbezi Beach:
Asanteni sana. Gari langu halitakaa bila kutumika. Hata hivyo, nikilitamani lile la kalipa za njano, nilikague vipi kabla ya kulipa? Na je, diski zikiisha naweza kufunga za chuma tu?

Fundi wa Ilala:
Unene peke yake hautakuambia ukweli. Diski ya chuma huisha kwa kupungua unene, lakini keramiki iliyopata joto kali huungua nyuzi zake za kaboni, ikawa nyepesi huku unene ukiwa karibu uleule. Kwa hiyo mwombe muuzaji apeleke gari kwa fundi mwenye kifaa cha kupima hali ya diski, au diski zitolewe na kupimwa uzito, kisha ulinganishwe na uzito wa chini unaoruhusiwa. Omba pia picha za karibu za kingo zote, pamoja na matundu ya uso wa diski. Pakionekana pamekwaruza kama msasa au pamemeguka, acha.

Kubadilisha si suala la diski peke yake. Diski za mbele za keramiki zina kipenyo cha milimita 410 na za chuma 350, hivyo kalipa na pedi nazo hubadilika. Pedi za diski za chuma usizifunge kamwe kwenye keramiki, hata kwa dharura.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, ningechukua lile la kalipa nyekundu bila kusita, kwa sababu diski zake ni rahisi kupata na fundi yeyote makini anaweza kuzihudumia.

Dereva wa Barabara ya Iringa:
Niongeze jambo moja kuhusu safari ya kwa wazazi. Ukirudi Dar utateremka Kitonga, na hapo mafuta ya breki yana uzito kuliko aina ya diski. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na yakichemka kanyagio huzama bila breki kushika. Kwa unyevu wa pwani yetu, usipitishe miaka miwili bila kuyabadilisha. Kwenye mteremko shusha gia mapema, injini ilizuie gari, na breki uikanyage kwa vipindi badala ya kuiegemea muda wote.

Mkazi wa Mbezi Beach:
Nimeelewa. Nitachukua la kalipa nyekundu, na mafuta ya breki yatabadilishwa gari likitoka tu bandarini. Fundi, pini za kuongozea nitazinunua vilevile, maana naona hata rimu zenyewe zitanusurika.